Papa Yenu Hakuzama

Sikilizeni, wanangu, ningali na sauti. Weye Héritier, zima ile redio. Nadège, sogea hapa kichwani, maana dawa ya hospitali inaniletea ziwa mpaka humu Nyakasanza, linapita chini ya mlango polepole, halina baridi, na Papa yenu amesimama ndani yake na wavu begani, ananicheka kwamba nimezeeka naye akabaki kijana.

Nyumba ni yenu wawili. Asiuze mmoja bila mwingine. Vitabu vyangu chukua weye Nadège, ila usivipange sebuleni wageni wavione.

Sasa lile neno. Kule ziwani Kasenyi, kukiwa bado giza, chombo cha askari kilipita bila taa, kikapanda juu ya mtumbwi wa Papa yenu, kikaendelea na safari yake. Wenzake waliookoka hawakukiona kikija, walikiona kikienda tu, kwa hiyo wakaiambia tume ya uchunguzi kwamba kilitoka chini ya maji: sous-marin, nyambizi. Wakubwa walicheka mpaka wakafuta machozi. Serikali haina sous-marin ziwani, wakasema, basi hakuna aliyemgonga mtu. Dosie ya kifo chake ikafungwa hivyo, kwa kicheko.

Juzi wakubwa hao wamekuja na mchele, na injini mpya ya mtumbwi, tukubali kusema kanisani kwamba alizama. Héritier, nilikuona ukiishika ile injini. Sikulaumu, una watoto wa kulisha. Lakini nimefundisha sarufi maisha yangu yote, acha nifundishe mara hii tu. Jiwe ndilo linalozama. Papa yenu alijua kuogelea kabla hajajua kusema vizuri. Yeye alizamishwa, na neno hilo halikai peke yake, linaomba "na", halafu jina.

Watakuja kwenye matanga yangu, wamenyoosha nguo. Wapeni viti, wapeni chai, msiwatukane. Mkubwa wao akimaliza kutoa pole, Nadège, muulize mbele ya watu: Papa yetu alizamishwa na nani? Kisha nyamazeni. Msimsaidie kujibu, hata jeneza likingoja juani. Na wakiondoka, waondoke na injini yao.

Ah... ngojeni, nipumue. Mungu awape usingizi mtamu, awape watoto wabishi. Mpendane hata mkinuniana.

Héritier. Lete mkono. Sema neno lile, nilisikie kinywani mwako... Hapana, mwanangu, hilo ni la jiwe. Tena... Tena, kwa nguvu.

Ndiyo. Hilo.