Fundi Mkasi na Leza ya Macho

Benchi la mbele ya kibanda cha kushonea nguo cha Fundi Mkasi lina miguu mitatu na tofali, lakini kwa maneno halijawahi kuyumba. Asubuhi hiyo kahawa ilikuwa ya moto, lakini Fundi mwenyewe hakuigusa: kesho yake alikuwa anakwenda kupigwa leza ya macho. Alishachoka na miwani. Juzi tu aliisahau nyumbani, akampita mama mkwe wake kimya, akaenda kuliamkia pipa la jirani kwa heshima zote.

— Watakuchoma wewe! alisema Injinia, fundi baiskeli. Leza ndiyo ile ile ya kukatia vyuma.

— Acha kumtisha mwenzio, alidakia Redio, ambaye hakuna habari inayompita. Wanakichonga kidogo tu kioo cha mbele ya jicho, mwanga uingie sawasawa. Dakika chache, umemaliza.

Hapo Redio alikuwa sahihi, na ingefaa anyamaze.

— Ila wakizidisha kuchonga, unaona mpaka ndani ya nyumba za watu.

— Basi huyu ahame mtaa! alisema Injinia.

— Na usiku macho yanawaka.

— Afadhali, mkewe atabana matumizi ya umeme.

Fundi alicheka kwa mdomo tu. Moyoni alikuwa anaogopa. Uzi ukachomoka kwenye sindano aliyokuwa akishonea. Akavua miwani, akaisogeza sindano karibu na pua, akapitisha uzi mara moja, akavaa tena.

Dada mmoja, mgeni kijiweni, aliyeleta gauni lipunguzwe, alikuwa anamtazama.

— Samahani kaka, kumbe vya karibu unaona bila miwani?

— Kuliko wewe, dada yangu.

— Sasa wakikunyooshea macho yaone mbali, huku kuona kwa karibu kutabaki?

Redio akachungulia ndani ya kikombe chake.

— Si daktari anajua wewe ni fundi cherehani? aliuliza Injinia.

Fundi akakohoa.

— Aliniuliza kazi. Nikamwambia mkurugenzi.

— Mkurugenzi wa nini?

— Nilikuwa nimevaa suti ya mteja!

Benchi lilitaka kuvunjika kwa kicheko. Kilipokwisha, dada alikuwa bado anasubiri jibu. Fundi aliitazama sindano. Wanawe wanakula kwa tundu lile.

— Redio, nipigie hospitali, alisema. Waambie kesho wasiningoje, mkurugenzi anajiuzulu.