Borghild Ruud na Dirisha Lililotazama Barabara

Hebu mwoneni akishuka kwenye treni ya saa nne asubuhi, tarehe 3 Februari 1943, binti wa miaka ishirini, sanduku mkono mmoja na taipureta mkono wa pili. Anaitazama stesheni ya Lundeby, anazitazama reli, halafu anaitazama stesheni tena.

"Mzee, mbona nyumba imezipa treni kisogo?"

"Ingia ndani, binti, utaganda," akajibu mkuu wa stesheni, Mzee Tollef Brekke. "Wakaguzi waliahidi kuigeuza mwakani."

"Waliahidi lini?"

"Wakati huo nilikuwa na nywele."

Marehemu Borghild alizaliwa tarehe 9 Machi 1922 katika kaunti ya Pembina, Dakota Kaskazini, mtoto wa tano wa Anders na Gunhild Tveito. Alisoma shule ya chumba kimoja hadi darasa la nane. Vita vilipowachukua vijana wa kiume, alijifunza telegrafu miezi sita huko Fargo, akaletwa kwetu.

Stesheni ilikuwa ya mbao, manjano yenye kingo nyekundu, paa limetandaza mbawa futi nne nje, likishikiliwa na mikono ya mbao iliyochongwa. Wanaume walingojea treni chumba cha kushoto, wanawake na watoto kulia, ofisi katikati. Kosa lilikuwa moja tu. Mafundi waliijenga kwa siku nne za theluji mwaka 1909, mchoro wameushika juu chini. Dirisha la kutokeza, ambamo mtu wa telegrafu hukaa azione reli pande zote mbili, likaangukia barabarani.

Marehemu alitundika kioo cha kinyozi mlango wa nyuma, akawa anauona moshi wa treni bila kuinuka kitini. Barabara hakuhitaji kioo kuiona. Alijua nani kanunua kofia na mtoto wa nani katoroka shule. Na ilipofika telegramu mbaya kutoka vitani, hakumtuma mtu. Alikaa dirishani mpaka amwone mama wa askari akija dukani, akavaa koti, akatoka kumshika mkono. Akina mama kumi na mmoja wa mji huu walishikwa mkono hivyo.

Dirisha hilo ndilo lililomletea Selmer Ruud, karani wa ghala la ngano.

"Wewe Selmer, hii mara ya nne leo unapita hapa dirishani. Ngano imekukimbia?"

"Natafuta kofia yangu."

"Iko kichwani."

"Basi nimeipata. Jumamosi kuna dansi, utakuja?"

Walifunga ndoa tarehe 14 Juni 1947, wakajaliwa Milo na Ardis. Selmer alitangulia mwaka 1998.

Stesheni ilifungwa 1969, na reli zikang'olewa 1984, mahali pake pakapandwa alizeti. Marehemu aliomba jengo libaki liwe makumbusho, akapewa kiti katika kamati. Moyo wake ulianza kuchoka Februari mwaka huu wa 2015. Aprili, mwenyekiti wa kamati, Arlen Brekke, mjukuu wa Mzee Tollef, alimfuata kitandani: wataalamu wa majengo wanataka stesheni igeuzwe, ifanane na mchoro.

"Shangazi, dirisha lilikusudiwa kutazama reli."

"Reli zipi, Arlen? Litazame alizeti?"

"Wageni waone lilivyotakiwa kuwa."

"Na lilivyokuwa wakalione wapi? Kunywa kahawa yako, inapoa."

Kamati ilipiga kura: watatu wageuze, watatu waache. Kura ya saba ilikuwa yake, nayo ilipangwa kupigwa tarehe 7 Mei. Alifariki tarehe 4, saa tatu asubuhi, akiwa amemaliza kumcheka nesi aliyevaa soksi za rangi mbili.

Ameacha watoto wawili, wajukuu watano, vitukuu tisa na mdogo wake, Inga. Bwana ampumzishe kwa amani, pamoja na Selmer wake.

Alhamisi alasiri, hapa hapa katika ukumbi wa chini ya kanisa, baada ya kahawa, mtamchagua wa kukaa kwenye kiti chake. Huyo mtakayemchagua, mtamtuma akasemeje?