Sikumwona Aliyenipiga

Ndugu zangu, assalaam alaykum. Najua harufu ya wali inawaita, lakini sadaka hii ina sababu yake, nanyi mliokuja Mchinga kula nami mna haki ya kuisikia kinywani mwangu.

Mnanijua, mimi ni mtu wa njia. Tangu nimalize shule ya serikali ya Wajerumani sikutulia mahali. Bagamoyo, Unguja, Kilwa, kila nilikofika niliikumbuka minazi ya hapa, na nikifika hapa naanza kukumbuka kule. Safari hii nilirudi vita vya Majimaji vimekwisha, watu wanamwogopa kila mpita njia.

Siku moja nilimkuta msimamizi wa shamba la pamba la akida wa serikali akimchapa mjomba wangu. Nikamshika mkono mbele za watu, nikamwambia ipo siku atampata wa kumrudishia. Jioni ile ile akapigwa rungu kichwani njiani. Sikuwa mimi. Lakini nawaambieni, ukishatamka maneno kama yale, nani atakusadiki? Askari walinifunga, wakanipeleka Lindi.

Wakati ule kumpiga mtu wa serikali hakukuhesabiwa ugomvi. Kulihesabiwa masalio ya vita, na wa vita walinyongwa. Wenzangu tuliofungwa mnyororo mmoja walinitania: "Wewe msomi, waombe kwa Kidachi wakunyonge taratibu." Tulicheka wote, halafu chakula kikanishinda.

Huku nyuma mama yangu alifanya jambo lililowaudhi jamaa. Alipika uji akampelekea yule majeruhi, akamjulia hali, akarudi zake. Kesho yake tena. Wanawake wakamwuliza kama haoni haya kumlisha mtu atakayemwua mwanawe. Akasema mgonjwa ni mgonjwa. Mwishowe msimamizi mwenyewe akamwuliza, "Mama, mbona hujaniomba nimwachie mwanao?"

"Nimekuja kukutazama wewe," mama akamjibu. "Ukipona, sema ulichokiona."

Siku ya shauri alikuja na kitambaa kichwani. Bwana shauri, hakimu wa Kidachi, akamwuliza kwa kinywa cha mkalimani ni nani aliyempiga. Akaniangalia. Mimi nikaanza kusoma shahada kimoyomoyo.

"Nilipigwa kwa nyuma," akasema. "Sikumwona aliyenipiga."

Akida akasimama. "Si uliniambia ni huyu?"

"Hapana, bwana akida. Wewe ndiye uliyeniambia mimi."

Wakaitwa mashahidi wengine. Wote walikuwa wamesikia maneno yangu ya mchana, na hakuna hata mmoja aliyeliona rungu. Bwana shauri akasema ushahidi haupo, nifunguliwe.

Hakusema kwamba sikufanya, ndugu zangu, na tofauti yake naijua. Wapo kati yenu ambao bado wana shaka nami. Siwalaumu. Kwa sababu hiyo, kabla sijafika nyumbani, nilipita kwa msimamizi. Aliniuliza nikiwa bado mlangoni, "Ni wewe?"

"Si mimi."

Akasogea kwenye mkeka. "Basi keti. Mama yako ameleta uji mwingi."

Namshukuru Mungu, namshukuru mama, na wale wa mnyororo walionichekesha, ambao wengine hawakutoka. Na namshukuru msimamizi, kwa maana akida alimfukuza kazi kwa jibu lile, na alijua atafukuzwa. Ninachowaomba ni kimoja: mkiitwa kusema juu ya mtu, msimame pale jicho lenu liliposimama.

Msimamizi huyo yupo hapa, amekaa kati yenu, ila jina lake silitaji. Miguu yangu imeanza kuniwasha tena, na Mungu akipenda, baada ya mavuno nitakwenda Kilwa. Minazi yangu nimemkabidhi yeye. Basi mkimwona huko akiangua nazi, msije mkapiga kelele za mwizi.