Eulalia Figueroa Bustamante, Mama wa Mlango wa Kwanza
(1931–2018)

Jina la marehemu lilichaguliwa na kalenda. Alizaliwa Alhamisi, tarehe 12 Februari 1931, sikukuu ya Mtakatifu Eulalia, katika Mtaa wa Los Hornos, Barrio La Noria, kitongoji cha Wamexico mjini Tucson, Arizona. Alikuwa mtoto wa tatu wa Fermín Figueroa, mfyatua matofali ya udongo, na mkewe Trinidad Celaya, mzaliwa wa Magdalena, Sonora. Baba alitaka mtoto aitwe Rosa. Mama akamjibu, "Mtakatifu amekuja na jina lake mkononi, wewe umfukuze nalo?" Mjadala ukaishia hapo. Mtaani aliitwa Lala, na alipokuwa mtu mzima, Doña Lala.

Mwaka 1937 alianza masomo katika shule ya serikali iliyokuwa ng'ambo ya reli. Siku hizo mtoto aliyesikika akisema Kihispania alisimamishwa ukutani mpaka kengele ilie. Lala hakuwa na Kiingereza, kwa hiyo alinyamaza muhula mzima. Mwalimu alipomsifia kwa mama yake kuwa ni mtoto mpole kuliko wote darasani, Trinidad aliuliza kwa adabu kama kweli wanamzungumzia mtoto yuleyule. Kiingereza kilikuja baadaye, na upole ukaondoka. Alimaliza darasa la nane mwaka 1945, akaacha shule ili awasaidie wazazi.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa ya udobi katika hoteli moja karibu na stesheni. Mwaka 1958 aliajiriwa kuwa mpishi katika shule ya msingi, akadumu jikoni humo hadi alipostaafu mwaka 1991. Nyumbani aliendelea kupika chapati za Sonora, nyembamba na pana kama sinia, alizozitandaza kwa mikono mitupu mpaka mwanga ukapenya. Wanaume wanne kati ya waliobeba jeneza leo aliwahi kuwakaripia kwa kubakiza maharage.

Tarehe 9 Juni 1951 alifunga ndoa na Refugio Bustamante, fundi wa karakana ya reli, mtu wa maneno machache. Walijaliwa mtoto mmoja, Amparo, aliyezaliwa mwaka 1954. Waliishi katika nyumba ya familia ya Refugio pamoja na mama yake, Doña Petra, na kutoka kwa mama mkwe huyo Lala alirithi cheo ambacho hakuna mwanamke mwingine wa La Noria aliyekitaka.

Kila Desemba, kwa jioni tisa kabla ya Krismasi, barrio ilifanya posada. Watu waliandamana na mishumaa nyuma ya sanamu za Yosefu na Maria, wakaomba malazi nyumba kwa nyumba kwa kuimba. Nyumba ya kwanza iliwakataa, ya pili ikawakataa, ya tatu ikawafungulia, na huko ndiko kulikokuwa na chakula. Wa kufungua walikuwa wengi. Wa kukataa alihitajika mtu mwenye sauti nene asiyeona haya, na Lala alikuwa navyo vyote viwili. Kwa miaka kumi na minne alisimama nyuma ya mlango wake uliofungwa, akawafukuza Watakatifu kwa moyo wake wote. Akimaliza kuimba aliongeza ya kwake: "Nendeni zenu! Huyo punda wenu ndiye aliyekula maua yangu mwaka jana!" Watoto walikuja kwa ajili ya hayo.

Mwaka 1967 halmashauri ya jiji ilikuwa inabomoa nyumba za La Noria ili kupata nafasi ya ukumbi na maegesho ya magari. Mwezi Novemba tingatinga lilifika kwenye nyumba ya Librado na Herlinda Bojórquez. Herlinda alikuwa comadre wa Lala: Lala ndiye aliyemsimamia binti yao Delfina ubatizo. Hata hivyo Herlinda hakumwambia neno. Aliyemuuliza alijibiwa kwamba wako kwa dada yake na wanaishi vizuri. Ukweli Lala aliupata kwa mwoka mikate. Herlinda na mabinti wawili walilala sakafuni kwa dada. Librado na wavulana wawili walilala kwenye stoo ya unga ya huyo mwoka mikate. Baada ya sikukuu Librado angekwenda California kutafuta kazi pamoja na mwanawe mkubwa, mwenye miaka kumi na miwili tu, na waliobaki wangegawanywa kwa ndugu.

Lala alilipeleka jambo hilo kwa mumewe.

"Tuna vyumba vitatu," Refugio alisema, "na kimoja ni cha mama."

"Nimekuuliza vyumba?"

"Tuzungumze baada ya Krismasi, Lala."

Jumamosi, tarehe 16 Desemba, jioni ya kwanza ya posada, maandamano yalifika Los Hornos kama kawaida. Waliokuwa nje wakaimba ombi lao. Lala akavuta pumzi ili awafukuze. Dirishani aliwaona waliokuwa mbele: Librado ameshika sanamu ya Yosefu, na Herlinda amembeba Delfina, mwenye miaka mitatu, amefungwa shali juu ya gauni la kulalia. Nje walisubiri. Wakaimba tena, wakidhani hakusikia.

Lala akafungua mlango.

Hakuna aliyejua la kufanya. Doña Chonita Arvizu, kiongozi wa maandamano, akapaza sauti. "Lala! Funga huo mlango! Bado nyumba mbili!"

"Nifunge, nimwambie nani aende zake? Herlinda?"

"Comadre," Librado akasema kwa sauti ya chini, "huu ni mchezo tu."

"Mchezo, compadre? Haya, niambie leo unalala wapi."

Librado akatazama sanamu aliyoishika. Herlinda akaanza kusema kwamba kwa dada yake hakuna shida, wana nafasi ya kutosha. "Herlinda," Lala akamkatiza, "unga uko kwenye nywele za wanao. Ingia ndani."

Refugio alikuwa nyuma ya mkewe, ameshika taa. Aliutazama ule umati, akamtazama mkewe. "Kumbe Krismasi imewahi," akasema, akasogea kando ili watu wapite.

Palizuka ugomvi, na haukutoka kwa mwenye nyumba. Don Eusebio Tapia wa nyumba ya tatu alikuwa amechinja nguruwe na kupika tamale, vibunda vya unga wa mahindi na nyama. Alikuja mbio na aproni yake. "Na tamale zangu? Nimepika masufuria mawili! Nani atazila, mbwa?"

"Zilete hapa!" Lala akasema.

"Nizilete? Mimi ndiye mwenye kufungua mwaka huu!"

"Basi kafungue masufuria, Eusebio."

Tamale zililetwa kwa toroli. Doña Petra, mwenye miaka sabini na minane, aliwapa mabinti wa Bojórquez nusu ya kitanda chake, akalalamika kuhusu miguu yao kwa muda wote aliobaki kuishi.

Kabla ya Krismasi kwisha, nyumba nyingine tano za La Noria zilikuwa zimechukua familia zilizobomolewa nyumba. Ubomoaji ulisimama mtaa mmoja kabla ya Los Hornos. Librado hakwenda California. Yeye na Refugio walifyatua matofali kwa kalibu ya mzee Fermín, wakajenga vyumba viwili uani. Familia ya Bojórquez iliishi humo miaka sita, ikapata nyumba yake pembeni mwa mtaa huohuo, na watoto wakaendelea kula walikozoea.

Doña Chonita hakusamehe. Mwaka uliofuata alimpokonya Lala mlango wa kwanza akisema haaminiki, akamkabidhi kazi ya kubeba mishumaa. Marehemu aliona huo ni uonevu na alisema hivyo kila Desemba kwa miaka hamsini.

Refugio alifariki mwaka 1994. Mwaka 2016 moyo wa marehemu ulianza kudhoofika, kisha figo. Amparo na watoto wa Bojórquez walipeana zamu za kumhudumia. Alipolazwa Septemba mwaka huu, muuguzi aliuliza kama wote waliojaa chumbani ni wanawe. "Wahesabu wewe," alimjibu. "Mimi nilishachoka." Aliomba arudishwe nyumbani, akarudishwa. Alifariki Jumatatu, tarehe 22 Oktoba 2018, saa nne asubuhi, Amparo akimshika mkono mmoja na Delfina mwingine. Tunawashukuru madaktari, baba paroko, na majirani ambao sufuria zao bado ziko jikoni kwetu.

Wakati wa kuandaa wasifu huu, Delfina alisema jina lake na ya ndugu zake watatu yawekwe chini, kwenye mstari wa marafiki wa familia. Amparo alimwambia akae kimya, akayaandika mwenyewe kwa kufuata miaka ya kuzaliwa.

Marehemu ameacha watoto watano: Amparo, Ramiro, Evelia, Gildardo na Delfina, wajukuu kumi na watatu na vitukuu wanne. Mungu ampumzishe mama yao.