Kisu Kilichoamriwa Kuhasiwa

Benchi la Beletech, mama muuza kahawa, halina mgongo, ndiyo maana wanaolikalia huegemea maneno. Lipo mjini Hosaena, barabara ya sokoni, kati ya kibanda cha fundi simu na ukuta wa kanisa. Mbele yake kuna jiko la mkaa, jebena jeusi la udongo linalotoa kahawa, vikombe visivyo na mkono, na majani mabichi yaliyotandazwa chini. Kahawa hunywewa duru tatu, na anayeondoka kabla ya duru ya tatu husengenywa. Wenyeji wa benchi ni wawili. Wa kwanza ni Gashe, yaani Mzee, Ladebo, aliyestaafu ukarani wa wilaya miaka kumi na mmoja iliyopita lakini bado anazungumza kwa niaba ya serikali, wanamwita Wizara. Wa pili ni Temesgen, fundi simu, anayeitwa Injinia na hajawahi kukataa. Jumamosi moja, saa tano asubuhi, akaja Meselech na karatasi mkononi, akaketi katikati yao bila kusalimia sawasawa.

Meselech aliajiriwa na kituo cha utafiti wa kilimo kuandika kwa lugha nyepesi yale ambayo watafiti huandika kwa lugha nzito. Mwaka huo kazi ilikuwa moja tu: mnyauko wa enseti. Enseti ni mgomba ambao hakuna anayeungojea ndizi; shina lake ndilo hukunwa, likafukiwa, likawa mkate wa kocho, na nyumba nyingi za huko zinaishi kwa huo. Ugonjwa ukiingia shambani huhama kutoka mgomba hadi mgomba kwenye makali ya kisu. Shangazi yake Meselech alipoteza migomba themanini kwa msimu mmoja. Sasa saa nane mchana redio ya mji ingemsomea tangazo lake kwa Kihadiya, lugha ya wenyeji, na yeye, kwa haraka, alikuwa ameiachia programu ya akili mnemba ya kwenye simu imwandikie.

— Kwa Kiamhari imeandika vizuri mpaka bosi kanipongeza, alisema. Halafu nikaiambia itafsiri kwa Kihadiya. Hapo ndipo sielewi. Nyie mmezaliwa hapa, mimi nimekulia Adama. Nisikilizeni.

— Soma, akasema Wizara, akaweka kikombe chini kama mtu anayefungua kikao.

Meselech akasoma. Wapendwa wakulima, enseti ni urithi wetu. Sawa. Mnyauko ni adui. Sawa. Ilifika sentensi ya nne, ile yenyewe: "Kabla ya kukata mgomba wa pili, hasini visu vyenu."

Beletech alikuwa anamimina kahawa. Ilimwagikia sahani.

— Rudia hapo, alisema Injinia.

— Hasini visu vyenu.

— Mwanangu, Beletech akasema taratibu, hilo neno ni la mafahali.

— La mafahali vipi?

— Unamjua fahali. Unalijua jembe. Kuna kitu anafanyiwa katikati, ndipo akubali kuvuta.

Meselech akaigeuza karatasi uso chini. Kihadiya chake kilikuwa cha jikoni kwa mama yake, na jikoni kwa mama yake hapakuwahi kuwa na fahali. Alikuwa amemaanisha kuua vijidudu, kisu kisizae ugonjwa, na mashine ikashika huko kutozaa. Na alikuwa amebakiza saa tatu.

— Tulia, akasema Injinia. Mashine haikosei hivihivi. Imesoma vitabu vyote vya dunia. Ikisema kisu kihasiwe, kuna jambo.

— Jambo gani, Injinia?

— Jiulize. Umewahi kununua kisu kikakaa nyumbani? Leo kipo, kesho kipo kwa jirani, keshokutwa kimeonekana harusini. Kisu kinatangatanga kama dume. Ukikihasi, kinatulia.

— Chako kinatangatanga kwa sababu unaazima hurudishi, alisema Beletech.

Wizara akakohoa. Alipokohoa hivyo ofisini, zamani, watu walisimama.

— Tusiharakishe, alisema. Mimi nimepitisha nyaraka miaka thelathini. Amri ikitoka juu haina maelezo, inakuwa na awamu. Awamu ya kwanza wanahasi visu. Ya pili, watataka kujua kila nyumba ina visu vya kiume vingapi na vya kike vingapi. Kutakuwa na fomu.

— Gashe, hiyo siyo amri. Nimeandikiwa na simu.

— Na simu ina laini. Na laini imesajiliwa na nani?

— Serikali, alisema Injinia, akashtuka kidogo kwa jibu lake mwenyewe.

— Mimi sisemi kitu, Wizara akasema, akanywa.

Meselech akataka kucheka, akashindwa. Aliwaza mkulima mmoja, mmoja tu, akisikia hivyo redioni. Wengine wangecheka, wangemwekea utani mwaka mzima, na hakuna atakayekumbuka kwamba katikati ya kicheko palikuwa na jambo la kweli la kuokoa shamba. Hilo ndilo lililomwuma kuliko aibu.

— Tatizo la hiyo mashine yako ni malezi, Beletech akasema, akiwagawia duru ya pili. Imesoma kila kitu, haijawahi kutumwa sokoni. Ukiiuliza jambo haisemi sijui. Hata mchumba wangu wa kwanza alikuwa hivyo. Nilimwuliza unajua kulima, akasema ndiyo. Kuogelea, ndiyo. Kushona, ndiyo. Nikajua huyu hajui hata kimoja.

— Ukafanyaje?

— Nikaolewa na aliyesema hajui. Mpaka leo hajui, lakini sijawahi kudanganywa.

Injinia alikuwa ameshika njia yake na hakuwa tayari kuiacha.

— Au pengine inatupima. Inaweka neno moja la ovyo kwenye kila barua, iangalie nani anasoma na nani anapiga muhuri tu. Siku ikijua hakuna anayesoma, inachukua nchi.

— Bosi wangu hasomi, alisema Meselech.

— Basi nchi imekwenda, akasema Wizara.

Meselech akachukua kalamu, akalikata lile neno. Wakashauriana. Beletech akatoa "osheni kwa moto", Injinia akasema moto hauoshi, Wizara akapendekeza "visu vipelekwe mbele ya moto kwa mujibu wa utaratibu." Mwishowe wakakubaliana: "pitisheni kisu kwenye moto kabla ya kukata mgomba mwingine." Meselech akasoma tangazo upya kutoka juu, kwa sauti ya redio, na safari hii lilikwenda kama maji. Hata Wizara aliinamisha kichwa. 

Mwanamke mmoja alikuwa amesimama kando ya jiko na kifurushi cha kocho kimefungwa kwa majani ya enseti, anangoja kibanda cha simu kifunguliwe. Alikuwa ametoka kijijini na jina lake, walivyolijua baadaye, ni Adanech. Beletech akamsogezea kigoda na kikombe. Alikunywa kwanza. Kisha akauliza:

— Samahani, binti. Kisu changu kina mpini wa mti. Nikikichoma kwa kila mgomba, mpini utaungua, na makali yatalainika. Nitakatia nini?

Meselech akaisoma tena sentensi yake.

— Ninacho kimoja, aliongeza, kama mtu anayeomba radhi.

Wizara alitazama ukuta wa kanisa. Injinia alifungua mdomo, akaufunga, jambo ambalo Beletech alisema hajaliona tangu amjue. Meselech akaandika swali kwenye simu, neno kwa neno. Jibu lilikuja kabla hajaweka kikombe chini.

— Inasema swali lako ni zuri sana, alisoma.

— Ahsante, alisema Adanech.

— Inasema, uwe na kisu cha pili, ili kimoja kikipoa utumie kingine.

Adanech alifikiri kidogo.

— Na yeye mwenyewe anavyo vingapi?

Meselech akaifunga ile programu, akampigia Daktari Erjabo, mtafiti mwenyewe, aliyeandika juu ya ugonjwa huo kwa miaka sita. Akamweleza. 

— Kituoni tunatumia mapanga ya chuma tupu, mpaka kwenye mpini, Daktari akasema. Kituo hutununulia. Huyo mama bado yupo?

— Yupo. Anakunywa kahawa.

— Usimwache aondoke.

Daktari alikuja kwa bajaji, shati nusu limechomekwa. Beletech akamimina kilichobaki kwenye jebena, kikombe hakikujaa, akageuza jebena kuonyesha kwamba hamna tena. Daktari hakukigusa. Aliketi kwenye kigoda, magoti yakafika kidevuni, akaomba aone kisu. Adanech akakitoa kwenye kifurushi. Kilikuwa kazi ya mhunzi wa kwao, kimenolewa mpaka kimekuwa chembamba kama jani la shayiri.

— Hiki hatujakipima, Daktari alisema. Alisema kwa sauti ya chini, lakini Meselech alimsikia na akampenda kwa hilo.

— Mimi nakata kesho asubuhi, alisema Adanech. Mgomba mmoja umeanza kunyauka majani ya kati. Sitaki ugonjwa uende kwenye mingine.

Daktari akalitazama jiko. Mkaa ulikuwa bado mwekundu.

— Mama, tunaweza kukijaribu hapa hapa. Tukiweke, tuhesabu, tuone makali yanabadilika lini, na mpini tuufunge kitambaa chenye maji. Dakika chache tu.

Adanech akakivuta kisu chake mapajani, polepole, kwa heshima zote.

— Anza na chako, alisema.

Daktari akajipapasa mifuko ya shati, ya suruali, ya koti ambalo hakulivaa. Akamtazama Meselech, Meselech akamtazama Wizara, Wizara akasema jambo hilo liko chini ya idara nyingine.

— Mimi nina bisibisi, alisema Injinia.

Beletech alikuwa ameshaanza kupuliza mkaa. Wizara akatumwa kwa mchinjaji wa kona ya pili, akaenda, akitembea kwa mwendo wa mtu aliyekabidhiwa ujumbe wa taifa. Ndipo simu ya Meselech ikaita. Ilikuwa redio; mtangazaji alitaka kujua kama karatasi ipo tayari, maana wanapanga kipindi.

— Kisogezeni mbele, alisema Meselech.

— Mpaka saa ngapi? Kuna tatizo la maandishi?

— Maandishi yapo, alisema. Tunatafuta kisu.