Amefariki kwa Amani

Katika basi la kwenda Sligo, hapa Ireland, mama mmoja mwenye koti jeusi alimpa bwana aliyeketi kando yake karatasi. Ilikuwa hotuba ya seneta wa kwao, aliyemtaja katika Seneti mzee Festus Gilrane, aliyelazwa siku tatu juu ya machela koridoni mwa hospitali mpaka akafa.

"Huyo ni mume wangu," alisema.

Yule bwana alivua kofia, akasoma. "Pole sana, mama. Lakini seneta huyu anasema hayohayo mwaka wa kumi sasa. Wodi wamejenga?"

"Hawajajenga."

"Basi anajitafutia jina kwa marehemu wako."

Nilikuwa nyuma yao, nikamuunga mkono yule bwana kimoyomoyo, macho dirishani.

"Huenda," alisema mama. "Ila tangazo la kifo chake redioni nililipeleka mwenyewe: amefariki kwa amani, hospitalini. Ndivyo tunavyotangaza sote. Amani gani, na miguu inaning'inia mlangoni pa choo? Bila huyo mtafuta jina, ungebaki uongo wangu tu."

Basi lilisimama. Bwana alimrudishia karatasi. "Na wodi bado," alisema, kwa sauti ya chini. Akamshukuru dereva, kama tufanyavyo sote, akashuka mvuani, kofia ingali mkononi.