Boila ya Ukumbi wa Vijana

Benchi letu liko mbele ya benki iliyogeuka saluni ya kucha, pale barabara kuu ya Cwm Heulog, mji wetu mdogo wa Wales, inapokata kona kuelekea kanisani. Limewekwa kwa kumbukumbu ya diwani mmoja ambaye hakuna kati yetu aliyempenda, lakini benchi ni zuri. Kila Jumamosi saa nne asubuhi tunakaa hapo wanne, mvua inyeshe isinyeshe, na kwa bonde letu hili sema inyeshe. Gethin Mkate huja na themosi ya kahawa. Ameoka mikate ya mji huu miaka thelathini na mpaka leo koti lake linanukia hamira. Idris Jeneza alikuwa mzikaji. Eirlys Posta alikaa nyuma ya dirisha la posta mpaka posta yenyewe ikafungwa, na sasa ni katibu wa kamati ya ukumbi wa vijana, kwa kuwa hakujitokeza mwingine. Mimi ni Mervyn Basi, nilikuwa dereva. Huku kwetu akina Evans na Davies wamejaa mno. Usipomwita mtu kwa kazi yake, barua yake ya mapenzi ataisoma jirani.

Jumamosi ile ya Februari Eirlys alikuja na daftari na uso wa mtu asiyetaka mzaha. Boila ya ukumbi, ile mashine ya kupasha jengo joto, ilikufa Oktoba, na halmashauri ikatuambia: changeni pauni elfu nne kabla ya Pasaka, la sivyo jengo linafungwa kabisa na kuuzwa. Tangu hapo tulikuwa tumekaa vikao tisa. Tulikuwa na pauni mia moja na sitini, na mwavuli ambao mtu aliusahau kwenye bahati nasibu.

— Leo nataka wazo moja, Eirlys akasema. Moja tu. Lenye akili.

— Hapo umetubana, Gethin akasema, akimimina kahawa.

— Sitanii, Gethin.

— Haya. Vikeki vya kikaango cha chuma. Naoka elfu moja, tunauza Jumamosi moja tu, kazi imekwisha.

— Mji una watu mia nane.

— Si wengine watarudia?

— Nusu yao wana kisukari! Na mara ya mwisho ulioka mia mbili, ukala mwenyewe arobaini.

— Nilikuwa naonja.

— Arobaini, Gethin!

Nikaona nimwokoe mwenzangu. Mimi naimba besi kwenye kwaya ya wanaume, kwa hiyo nikasema kwaya inaweza kuimba barabarani siku nzima.

— Nani atatoa hela kuwasikiliza nyinyi? Gethin akauliza. Kijana wenu ana miaka sabini na moja.

— Hujanielewa, bwana. Hatuwalipishi kutusikiliza. Tunaanza saa moja asubuhi, chini ya madirisha yao. Anayetaka tunyamaze ndiye anayelipa.

Idris akacheka mpaka kahawa ikamwagikia suruali. Eirlys hakucheka. Alikuwa ameandika neno "kwaya", akalikata kwa mistari miwili.

— Huo ni wizi wa mabavu, Mervyn.

— Wa sauti nne lakini.

— Mwingine!

Gethin akajisogeza mbele. Ukimwona Gethin anajisogeza mbele, ujue mambo yanaharibika.

— Mbio za kondoo, akasema. Kutoka kanisani mpaka hapa. Tunaazima kondoo ishirini kwa Penri wa kule mlimani, tunawavisha namba, watu wanacheza kamari. Na wa mwisho kabisa tunamchoma, tunamuuza kwa sahani.

— Mbele ya watoto?

— Watoto hawali nyama?

— Wameshampa jina, Gethin! Umemvisha namba, wamemshangilia, halafu unamchoma!

— Basi tusimchome. Tunamuuza kwa mnada, anayemhurumia amnunue. Hapo tutapata hata zaidi.

— Na bima? Mwaka juzi kondoo mmoja tu aliingia duka la dawa, akala kadi zote za Siku ya Akina Mama. Mmoja! Wewe unataka ishirini!

Alikuwa amepaza sauti mpaka msichana wa saluni akachungulia dirishani. Eirlys akashusha pumzi, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

— Idris, akasema kwa sauti ya kuchoka. Wewe umekaa kimya. Mtu wa heshima. Hebu sema kitu.

Idris akaweka kikombe chini taratibu. Huyu mzee huongea polepole, kama anayesoma tangazo la msiba.

— Bado nina jeneza moja gereji, akasema. La mwaloni. Mteja alibadili mawazo.

— Mteja alibadili mawazo? nikauliza.

— Alipona.

— Endelea, Eirlys akasema.

— Nitalala ndani yake. Hapa hapa, kwenye kona hii. Siku tatu mchana na usiku, bila kutoka. Watu wachangie kwa kila saa. Na anayetaka kujaribu mwenyewe, pauni tano kwa dakika kumi. Kifuniko kikifungwa, kumi.

Gethin akapiga goti lake.

— Mimi nalipa kumi umfungie mama mkwe wangu!

Hapo Eirlys akasimama. Daftari likaanguka kwenye dimbwi, wala hakuliokota.

— Basi! Mmenichosha! Miezi minne nawabembeleza, miezi minne! Mmoja kondoo, mmoja kelele, na sasa wewe Idris, mtu mzima, unacheza na jeneza! Hiki ni kitu cha watoto, na wewe unaleta jeneza!

— Sichezi, Idris akasema.

— Unacheza!

— Sichezi, Eirlys. Nimezika vijana watatu wa bonde hili. Wote watatu walikuwa hawana pa kwenda Ijumaa jioni. Unajua watoto wako wapi tangu ukumbi ufungwe? Wako juu kule kwenye lundo la mabaki ya mgodi na pikipiki zisizo na taa. Mjukuu wangu Nerys alivunjika paja kule mwezi wa kumi na moja. Alilala kwenye matope saa mbili nzima kabla hawajampata. Mimi nilikwisha kuanza kufikiria vipimo vya jeneza. Vya mjukuu wangu mwenyewe. Kazi ile haimtoki mtu. Kwa hiyo kama kulala kwenye jeneza kutaleta boila, nalala. Nitalala hata wiki.

Nerys tulimjua sote. Alikuwa akipita barabarani kwa magongo, na tulikuwa tukimtania. Eirlys akakaa. Gethin akainama, akaliokota daftari, akalikung'uta maji, akampa bila kumtazama.

Hapo ndipo tukamwona mama mmoja amesimama mbele yetu na mifuko ya sokoni. Mimi nilimfahamu kwa sura: Dorota, yule nesi Mpolandi aliyehamia mtaa wa juu kabla ya Krismasi, anafanya kazi kwenye nyumba ya wazee.

— Samahanini, wazee wangu, akasema. Nimeambiwa nyinyi ndio kamati ya ule ukumbi.

— Ndiyo sisi, Eirlys akajibu. Kwa bahati mbaya.

— Binti yangu Kinga ana miaka kumi na tatu. Hajapata rafiki bado. Ijumaa alikwenda pale, akasubiri nje karibu saa nzima. Mlango haukufunguliwa.

— Boila imekufa, mama, Gethin akamweleza. Ndiyo tunatafuta hela hapa. Ikitengenezwa tu, mambo yatakuwa safi.

— Ah. Ikitengenezwa.

— Eeh, ikitengenezwa.

Dorota akaweka mifuko chini kupumzisha mikono.

— Na ikitengenezwa, nani atafungua mlango?

Eirlys akafungua daftari lile lililolowa, akapekua, kana kwamba jibu lingekuwa mle. Zamani alikuwako Carys, msichana aliyelipwa kukaa na vijana kila Ijumaa. Kazi yake ilifutwa Septemba, mwezi mmoja kabla ya boila kufa. Vikao tisa, na jina la Carys hatukulitaja hata mara moja. Tulizungumzia bomba, mafundi, kondoo.

— Tutalijadili hilo, Eirlys akasema mwishowe.

— Sawa, Dorota akasema. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniuma. Akabeba mifuko yake, akapanda mlima.

Gethin akageuza themosi juu chini. Haikutoka hata tone. Tukaondoka kila mtu kwa njia yake bila kuagana vizuri, na mimi nyumbani nikamfokea mke wangu kwa sababu ya supu ambayo haikuwa na kosa lolote.

Wiki nzima nilikuwa najisemea, mimi nina miaka sabini na tatu, nitakaa na vijana nifanye nini? Lakini niliendesha basi la shule miaka kumi na tisa, kwa hiyo polisi walishanikagua kama nafaa kukaa na watoto, na kelele nimezizoea. Ijumaa saa kumi na moja jioni nikaenda kwa Menna, anayesafisha kanisa na kutunza funguo za ukumbi.

— Umechelewa, akaniambia. Gethin alizichukua jana. Leo asubuhi Eirlys amekuja kuzitaka, akakuta hazipo, akanipigia mimi makelele.

Nikaenda ukumbini. Taa zilikuwa zinawaka. Gethin alikuwa anasukuma meza ya ping-pong upande mmoja, Eirlys anaivuta upande mwingine. Idris alikuwa amepiga magoti kwenye kona, anachomeka hita mbili kubwa alizozitoa kwenye kile chumba chake cha zamani ambako watu walikuwa wakiaga marehemu wao.

— Hakuna aliyeniambia mnakuja! nikasema.

— Na wewe ulimwambia nani? Eirlys akanijibu.

Boila haijatengenezwa mpaka leo. Pasaka ilipita, hela zikafika nusu. Eirlys alipeleka daftari la mahudhurio halmashauri, wakatuongezea muda hadi Septemba. Idris alilala kwenye jeneza lake siku moja tu badala ya tatu, mgongo ukagoma, na bado ndiye aliyeingiza hela nyingi kuliko sote. Carys amesema atakuja Ijumaa moja kwa mwezi, bure, tukiacha kumpigia simu kila siku.

Lakini Ijumaa ile ya kwanza walikuja vijana saba tu, walioona taa. Waliingia na makoti na kofia, wakasimama ukutani wakitutazama kama watu waliokosea msiba. Nerys alikuja na magongo yake, akakaa karibu na hita. Kinga akakaa karibu naye kwa sababu ndiko kulikokuwa na joto. Sisi bado tulikuwa tunagombana: Gethin anataka meza dirishani, Eirlys hataki, mimi nasema itawazuia watoto mlangoni, Idris anasema tukiongeza waya mmoja umeme utakatika. Umeme ukakatika.

Tulikaa gizani dakika nzima tukilaumiana. Kisha nikasikia Kinga anamwuliza Nerys, kwa sauti ya chini:

— Hawa wazee huwa hivi kila siku?

— Kila siku, Nerys akamwambia. Sogea huku, utaganda.